Kiingereza Kilichoanzia Herufi ya P

Niliondoka Janga asubuhi moja bila kumwambia mtu ninakwenda wapi, kwa sababu hata mimi sikujua. Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Aliniona nimevaa viatu, akauliza, "Leo tena?" Nikasema, "Leo tena." Hakuinua tena macho kutoka kwenye ungo. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, vijana wengi walikuwa wamerudi makwao na kutulia, na mimi ambaye sikwenda vita vyovyote ndiye niliyeshindwa kukaa.

Kwenye mfuko wangu wa turubai mlikuwa na shuka, mihogo ya kuchoma na nusu ya kamusi ya Kiingereza. Hiyo nusu lazima niieleze.

Niliipata kwenye shamba la mkonge nilikokuwa kibarua. Meneja Mzungu alikuwa akihama, na mpishi wake akarithi vitu visivyotakiwa: chupa tupu, soksi zisizo na wenzi, na kamusi nene kama tofali. Mpishi hakuwa na haja ya maneno, alikuwa na haja ya kuwasha jiko. Kila asubuhi alichana kurasa kuanzia mwanzo, akazifinyanga, akaziweka chini ya mkaa. Siku niliyoingia jikoni kuomba moto wa sigara nilimkuta anachana. Nikauliza hicho ni kitabu gani.

"Cha maneno yote ya Kiingereza," akasema.

"Yote?"

"Yote. Sasa yamebaki nusu. Lakini yale ya mwanzo, mdogo wangu, yaliwaka vizuri sana."

Nilisimama pale na sigara yangu mdomoni haijawashwa. Nilijihisi kama niliyemkuta mtu anachinja ng'ombe wa maziwa ili apate ngozi ya kukalia. Akanipa kilichobaki kwa mzigo mmoja wa kuni, akaniona mimi ndiye mjinga.

Kiingereza changu basi kilianzia katikati ya herufi ya P. Mkate haukuwamo, mama hakuwamo, Mungu hakuwamo. Neno la kusema "wewe" lilikuwamo, na "sisi", na "wao", yote yako mwishoni mwa alfabeti yao. La kusema "mimi" halikuwamo. Mimi nilikuwa nimeungua pamoja na chai ya meneja.

Shule niliacha darasa la tatu. Sikufukuzwa. Siku moja wakati wa mapumziko walipita watu wa kupima barabara na minyororo yao, nikawafuata kuona watafika wapi. Walifika mbali. Kwa hiyo Kiingereza nilichokuwa nacho kilitosha kusoma mbao za barabarani, na ndicho nilichokitumia kufungulia milango ya kitabu kile. Maana ya neno moja ilihitaji maneno matano mengine, na matatu kati ya hayo yalikuwa yameliwa na jiko. Ilinibidi niyatafute kwa watu. Nilimuuliza padri njiani, dereva wa lori, mshonaji wa Kihindi, yeyote aliyeonekana kama ana Kiingereza mfukoni.

Niliyoyapata yalinishangaza kila mara. Kulikuwa na neno "sneeze", kupiga chafya, fupi, linafanana na chafya yenyewe. Halafu kurasa chache mbele likaja "sternutation", na maana yake ni kupiga chafya. Nilifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Watu wana neno dogo la kuwatosha, halafu wanajenga jingine lenye vyumba vinne, la chafya ileile! Kulikuwa na "ullage", nafasi inayobaki tupu kwenye chombo ambacho hakijajazwa mpaka mdomoni. Sikuwahi kufikiri kwamba utupu wa mtungi unaweza kupewa jina. Kulikuwa na "velleity", hamu ndogo sana, isiyo na nguvu ya kumwinua mtu kitini. Hiyo nilijua siku ileile kwamba si ugonjwa wangu. Hamu zangu zote ziliniinua.

Mwalimu wangu mkubwa alikuwa karani wa Kigoa kwenye kituo kimoja cha reli, mtu mwenye miwani na subira. Kati ya treni na treni aliniruhusu niketi juu ya magunia nimsomee. Mimi nilisoma kama nilivyofundishwa, kila herufi na sauti yake. Siku moja nilifika kwenye "ptarmigan", ndege wa milima ya baridi, nikasoma kwa sauti, "Pi-ta-ri-mi-ga-ni."

Karani alivua miwani. "Hiyo P haisemwi."

"Kwa nini ipo?"

"Ipo tu."

Chuoni nilisoma msahafu, najua kuna herufi zinazonyamaza, lakini mwalimu alitufundisha zinanyamaza lini na kwa sababu gani. Hii ilinyamaza bila sababu. Ilialikwa karamuni, ikaketishwa mbele kabisa, ikakatazwa kula. Nilirudi kwenye kurasa zangu kwa hofu. Kama P inaweza kufanya hivyo, ni nani mwingine humu ananidanganya?

Lakini neno lililonitikisa kuliko yote lilikuwa kwenye herufi ya U. "Usufruct". Mimi nilisema u-su-fu-ru-ki-ti. Karani alilisoma kimya, akatafuta njia ya kunieleza.

"Ni haki ya kutumia kitu cha mwenzako," akasema, "na kula matunda yake, bila kukiharibu. Kitu chake, matunda yako. Ni neno la zamani sana, la Kilatini. Wenyewe Waingereza wengi hawalijui."

Nikamwambia, "Lakini hayo ni mambo ya nyumbani!" Na kweli ni ya nyumbani. Huku kwetu mtu huomba mahali kwa mwenzake, akapanda mkorosho au mnazi, na mti ukawa wake wakati ardhi inabaki ya mwenyewe. Nilikuwa nikidhani ni utaratibu wetu wa kimaskini tu, wa watu wasio na hati. Kumbe kuna watu waliokufa zamani, mbali na bahari yetu, waliukalia kikao wakautafutia jina, na jina hilo likasafiri mpaka jikoni kwa mpishi, likaponea chupuchupu moto. Sikulala vizuri siku zile.

Turudi kwenye ile asubuhi. Nilielekea kusini kwa sababu jua lilikuwa likinipiga usoni nilipojaribu mashariki. Adhuhuri nikafika kwenye reli. Kwenye kivuli cha tuta aliketi bibi mmoja mwembamba, khanga moja kiunoni na moja mabegani, anapangusa vumbi la miguuni kwa jani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona unatembea kama unafukuzwa na mtu asiyekuwapo? Wa wapi wewe?"

"Janga."

"Baba yako nani huko?"

"Baba alikuwa Mnyamwezi. Alikuja na mizigo, akaoa huku, akabaki."

Uso wake ukabadilika, kama wa mtu aliyeona pete yake iliyopotea inang'aa mchangani. Aliuvuta mfuko wangu, akautia mkono, akatoa mhogo mmoja na kuuma.

"Mtani wangu!" akasema mdomo umejaa. "Mnyamwezi akikosa mzigo hujitwisha jiwe. Wewe umejitwisha nini humu, mbona kizito?"

Kwa asiyejua, kati ya Wazaramo na Wanyamwezi kuna utani, tangu enzi za misafara ya bara na pwani. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako, hukunyang'anya chakula, huzuia hata jeneza la mzazi wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Akiteka mali yako, unaikomboa, mara nyingi kwa kuku, na mambo huishia kwenye kicheko. Lakini kukomboa ni lazima. Mtu akiacha mali yake mkononi mwa mtani mbele ya watu, huchekwa mpaka kwa wajukuu. Nilijibu kama nilivyomsikia baba akijibu.

"Ni kitabu, Bibi. Na wewe kula polepole. Mzaramo akisikia ngoma huacha hata mhogo mdomoni."

Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha, bila kufuta machozi ya kicheko, akaniambia jambo lililomtoa kwao. Alikuwa wa Kurui, ndani kabisa ya Kisarawe. Marehemu mumewe alipanda mikorosho kwenye ardhi ya rafiki yake, kwa ruhusa ya mdomo. Mikorosho ilikua, na kila msimu mume, na baada yake yeye mwenyewe, alimpelekea mwenye ardhi kikapu kimoja cha korosho kwa heshima. Wakati ule korosho zilikuwa za watoto na ndege. Sasa wafanyabiashara walikuwa wakipita mpaka vijijini kuzinunua, na mwenye ardhi alikuwa amekufa. Aliyemrithi ni mpwa wake, na mpwa alisema mume wa bibi alikuwa kibarua tu, aliipanda kwa kazi ya mjomba, na kile kikapu kilikuwa ni mali ya mjomba inaletwa kwa mwenyewe.

"Sina mtoto," bibi akasema. "Sina jembe lenye nguvu. Mikorosho ile ndiyo mume wangu aliyebaki. Ikienda, nakwenda kukaa kwenye kizingiti cha mtu."

Alikuwa ametoka Misugusugu kumchukua kaka yake, shahidi wa pekee aliyeona miche ikifukiwa. Kaka alikuwa amelala hoi, hata jina la dada yake lilikuwa limemtoka. Na kesho Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, alikuwa akifika Kurui kusikiliza kesi.

Nikafungua kamusi palepale kwenye tuta. "Bibi, haki yako ina jina! La Kizungu!" Nikamwonyesha. "Usufurukiti."

Akatazama ukurasa kama anavyotazama mtu samaki wa jana. "Usufi naujua, naujaza kwenye mito. Hiyo nyingine inaliwa?"

"Ndiyo haki ya kula matunda ya mti kwenye ardhi ya mwenzako."

"Wanajua, kumbe?" Safari hii hakutania. Alikigusa kitabu kwa kidole. "Wanajua, na wamekaa nalo kimya muda wote huu?"

Tulitembea pamoja. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na yeye hakuniuliza kama nitakwenda. Njiani alinifanya nimtajie maneno yangu yote, akayahukumu moja moja. La chafya alisema ni la watu wasio na kazi. La utupu wa mtungi alilipenda, akalirudia, "Ulage, ulage," kwa matamshi yangu, ambayo karani alikuwa ameshaniambia si yenyewe. "Hilo lina akili," akasema. "Mtungi ambao haujajaa si mtungi mtupu." Tukalala kwa jamaa zake njiani, na kesho yake jua likiwa juu tukaingia Kurui.

Hakunipeleka barazani moja kwa moja. Alinipitisha kwenye mikorosho. Ilikuwa msimu, mabibo mekundu na ya njano yananing'inia na korosho zake chini kama pua zilizopinda, na harufu yake tamu yenye ukali imejaa kila mahali. Mume wake alikuwa ameipanda kwa mpango: minne kwenye pembe, mmoja katikati, tena minne, tena mmoja. Nilisimama ghafla. Hata hilo lilikuwamo kwenye kitabu. "Quincunx", neno la kupanda miti hivyohivyo. Nilikuwa nimelibeba muda mrefu nikidhani ni mzaha wa Wazungu.

"Funga mdomo, nzi wataingia," bibi akasema. Akanipa kikapu. "Mtani ana njaa. Chuma."

"Kesi je?"

"Chuma kwanza. Na ukiulizwa umeyatoa wapi, jibu kama baba yako angejibu."

Nikachuma. Sikuelewa kitu. Nilidhani ni ukarimu.

Baraza lilikuwa mbele ya nyumba ya jumbe, chini ya turubai, na watu wamekaa chini pande tatu. Bwana Shauri alikuwa kijana, shingo imeiva kwa jua. Alisema Kiswahili mwenyewe, bila mkalimani, na jambo la kwanza lililonishtua ni matamshi yake. Nyumba ilikuwa "niyumba" na ng'ombe alikuwa kitu ambacho siwezi kukiandika. Watu hawakucheka, walimsubiri tu afike. Nikawaza jinsi karani wa Kigoa alivyonisubiri mimi juu ya magunia.

Mpwa alizungumza vizuri. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayependwa, na hilo lilinitia hofu zaidi kuliko angekuwa mkali. Alisema hamchukii bibi. Alisema atamwachia mikorosho miwili ya karibu na nyumba yake, kwa huruma. Lakini mjomba wake ndiye aliyeipanda yote, kwa mikono ya kibarua, na hakuna mtu hai wa kusema vinginevyo. Bwana Shauri akamuuliza bibi, "Shahidi wako yuko wapi?"

"Amelala Misugusugu, Bwana. Hanijui tena."

"Mwingine?"

Bibi akageuka akanitazama. "Mwambie neno lako, Mnyamwezi," akasema.

Nilisimama. Tarishi mwenye kofia nyekundu akaniambia niketi, sikuketi. "Bwana," nikasema, "usufurukiti."

Mzungu aliinua kichwa. Aliomba nirudie, nikarudia. Aliomba tena, nikaona nitaaibika, nikampelekea ukurasa wenyewe na kidole changu juu ya neno. Akaweka kalamu chini. Alikishika kile kitabu kisicho na mwanzo, akakigeuza, akatafuta jalada ambalo halikuwapo. Halafu akalisema neno.

"Yuzyufrakt," akasema.

Nilibaki nimeinama juu ya meza yake. Lilikuwa neno langu, lakini limenyolewa na kuvikwa nguo za mtu mwingine, na mimi mwenyewe nisingelitambua kama tungekutana njiani. Miezi yote ile nilikuwa nimelibeba chini juu.

"Ni neno zuri," Bwana Shauri akaendelea kwa Kiswahili chake cha polepole. "Linasema haki hiyo ipo duniani. Hapa hakuna anayebisha kwamba ipo, hata huyu bwana habishi. Neno halisemi nani alipanda miti hii."

Akanirudishia kitabu. Hakunidharau, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimetoka tutani mpaka Kurui nikiamini nimembebea yule bibi funguo, kumbe nilibeba jina la mlango. Nikaketi. Nilimwona akiitazama ile miti kwa mbali, nyuma ya vichwa vya watu, kama mtu anayehesabu wanawe kabla ya safari. Bwana Shauri alikuwa ameshachukua tena kalamu.

Mpwa aliona ameshinda, na mtu mchangamfu akishinda hutaka kucheka na watu. Macho yake yakaangukia kikapu changu.

"Na huyu Mnyamwezi wa vitabu," akasema kwa sauti, "hayo mabibo ameyaiba wapi?"

Watu wakaanza kutabasamu. Nikahisi kidole cha bibi kikinichoma mgongoni, kikavu kama kijiti, na hapo nikakumbuka aliyoniambia. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, jinsi alivyokuwa akisimama kwenye misiba ya wakwe zake na kuwavunja mbavu.

"Mimi siibi, mimi nateka! Mikorosho yote ile tangu leo ni mateka wangu, nimekwisha kuifunga kamba. Mwenyewe aniletee jogoo kabla jua halijatua. Asipoleta, nakata yote kuni, nawauzia nyinyi Wazaramo mchemshie mihogo yenu!"

Baraza zima likalipuka. Jumbe, ambaye muda wote alikuwa amekaa kama amemeza rula, alipiga goti lake kwa kiganja. Mpwa alicheka kuliko wote, mpaka machozi.

"Jogoo?" akasema, akijifuta. "Nitoe jogoo kwa miti ya watu? Mkabe mwenyewe, huyo hapo amekaa! Mimi jogoo wangu namfuga kwa ajili ya mali yangu!"

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilianza kufa mbele, walikokaa wazee, kikarudi nyuma safu kwa safu, mpaka ukasikia mtoto mmoja tu anacheka pembeni, na mama yake akamziba mdomo. Mpwa alikuwa bado ameinua mkono na kidole kinamwelekea bibi. Alikitazama kidole kile kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Nini?" Bwana Shauri akauliza. "Kuna nini?"

Jumbe alikohoa. Akamweleza taratibu habari ya utani, na habari ya kukomboa. "Ingekuwa mali yake, Bwana, angesema, 'Ngoja nikamkamate jogoo.' Hata kama anatania, angesema hivyo. Mtu hamwelekezi mtani kwa mwingine juu ya mali yake mwenyewe. Hawezi. Ni kama kumwambia mtu avae suruali yako ukiwa umeivaa."

"Ulikuwa utani!" mpwa akasema.

"Ulikuwa utani," jumbe akakubali. "Ndiyo maana hukupata nafasi ya kufikiri."

Nilimtazama mpwa. Nilitarajia atapiga kelele, na nadhani hata yeye alitarajia hivyo. Badala yake aliketi chini, mzigo mzima wa mwili wake, akaanza kuchora mchanga.

"Nikiwa mdogo nilikwea mkorosho mmoja kuiba mabibo," akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Mjomba akaniteremsha kwa fimbo. Akasema, shuka, ni ya watu."

Bibi mwenyewe aliinamisha uso, akaivuta khanga yake mbele. Nilidhani atapiga vigelegele. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akimwonea haya kijana wa watu, maana alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

Bwana Shauri akaamua: mikorosho ni ya bibi kwa muda wote itakaosimama, ardhi ni ya mpwa, kikapu cha heshima kiendelee kila msimu, na bibi asipande mipya bila kuomba. Kitu chake, matunda yako. Aliyasema yote kwa Kiswahili, neno la Kilatini hakulitaja tena, nami nilikuwa nimekaa na nusu ya kamusi mapajani nikisikia maana yake yote inapita hewani bila jina.

Watu walipotawanyika nilimfuata bibi mpaka kwake. Ilikuwa nyumba ya udongo ya vyumba viwili, makuti mapya upande mmoja, mbele yake ile mikorosho miwili ambayo mpwa alitaka kumwachia kwa huruma. Jua lilikuwa likishuka.

"Ulipanga," nikamwambia. "Tangu relini ulipanga."

"Nilipanga nini? Niliona Mnyamwezi mwenye mdomo. Mengine ni ya Mungu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekwenda kusema kama mtu aliyeambiwa. Mpwa wangu yule si mjinga." Alimwita mpwa wangu, saa moja tu baada ya kesi.

"Na neno langu halikufaa kitu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Halikufaa? Mzungu alikuwa anaandika, mwanangu. Alikuwa ameshafika mwisho. Neno lako lilimfanya aweke kalamu chini akutazame wewe, na watu wote wakutazame wewe, na yule akuone na kikapu chako. Mimi ningewapata wapi wanitazame hivyo, kizee cha Kurui?"

Akaingia ndani, nikasikia anahangaika na tenga, akarudi na kitu ndani ya viganja viwili. Alinikabidhi. Kilikuwa kifaranga, bado kina manyoya ya njano, kinatetemeka.

"Uliteka, nakomboa," akasema. "Sitaki wajukuu wa watu wanicheke. Jogoo wako huyo."

"Bibi, hiki ni kifaranga."

"Ni jogoo ambaye hajajaa. Si una neno lake?"

"Ulage," nikasema.

"Basi hiyo ulage. Utakaa hapa mpaka ijae, huwezi kuondoka na ukombozi nusu. Chumba hicho cha kushoto kina kitanda, kamba zake zimelegea, utazikaza mwenyewe. Na korosho haziokotwi kwa kamusi."

Nilisimama mlangoni na kile kifaranga kwenye kiganja. Tangu siku ya watu wa kupima barabara hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nikae mahali nikaona sababu. Nilikitazama nikijaribu kukadiria inachukua muda gani mpaka kiwike. Sikujua. Jambo dogo hivyo, na sikuwahi kukaa mahali muda wa kutosha kuliona.

Bibi alikuwa ameshaanza kuchochea moto, anaimba chini kwa chini lugha ya kwao. Nikakiweka kifaranga kwenye tenga, nikaiweka kamusi juu ya boriti ya ukutani, mbali na jiko. Halafu nikavua viatu, nikaviacha kizingitini karibu na vyake.